Mfupa wa Bi Mwanakheri

Adhuhuri, nyumba yao kule Junda imetulia, Zubeda alisikia mamake akitembea ukumbini. Akafurahi. Kisha mwili ukamsisimka: mamake alikuwa mbele yake, kitandani, na tangu atoke hospitali hajaweza hata kujigeuza.

Nawaambia ilivyokuwa. Mwaka ule kabla ya uhuru Bi Mwanakheri aliteleza kisimani, nyonga ikavunjika. Daktari akatoa njia mbili: kuupiga mfupa msumari uunge wenyewe, na kwa uzee ule huenda usiunge, au kukikata kichwa cha mfupa na kutia cha chuma, ainuke upesi. Zubeda alitaka msumari, mama abaki na mfupa wake. Kakake, Idarus, alitaka chuma. Waligombana pale pale wodini mpaka nesi akawatoa, na Idarus akashinda kwa kuwa ni mwanamume. Basi!

Kiungo kilichokatwa huzikwa makaburini, kila mtu ajua. Idarus alipewa ule mfupa siku ya mvua, akaona makaburini mbali, akaufukia uani, pembe ile mamake aliyozoea kumwekea pepo wake chano cha haluwa na ubani. Mvivu yule, Mungu anisamehe.

Hatua zikazidi, zikatoka ukumbini zikaja mlangoni, zikazunguka kitanda, na harufu ya ubani iliyochanganyika na dawa ya kidonda ikajaa nyumba nzima, hata ufungue madirisha, hata usome Yasini, hata ikawa hakuna athubutuye kuingia chooni peke yake.

Akaitwa mganga, Charo. Akafukua pale pembeni: kitambaa kimefungwa vile vile, fundo halijaguswa, ndani hamna kitu.

"Pale hapazikwi," Charo akanong'ona waliporudi ukumbini. "Pale huliwa. Mmempa pepo wake, naye kapokea. Kumtoa naweza, lakini atakwenda na mguu."

"Mtoe!" Zubeda akalia.

"Mamangu asitembee tena?" Idarus akafoka. "Wallahi humgusi!"

"Wewe Idarus, huoni haya? Hili ni lako!"

"Shh! Na mwenyewe asemaje?" akauliza Charo.

Hawakuwa wamemuuliza. Hata kule hospitali, alipolala akiwasikiliza wakigombania nyonga yake, hakuna aliyemuuliza.

Mlango wa chumba ukafunguka. Bi Mwanakheri alisimama wima, hana mkongojo, ubani ukimtoka nguoni.

"Yeye kaniuliza," akasema kwa upole. "Yeye peke yake, wanangu."

Akawapita, akashuka uani, wala hakuchechemea.