Rayon za Ruffin

Maneno yale niliyapata kwa robine ya maji, hapa Majengo. Jirani yangu Athanasie alinishika mukono, akasema fianse, mchumba wa Sylvie wangu, anafanya kazi na rayon X, zile za hospitali za kupiga picha ya mifupa, asubuhi mpaka jioni, na mwanaume wa namna ile hazai tena. Eti makaratasi yake aliyaona kwa macho. Nilijaribu kuyasahau. Nikichambua mchele, nayasikia. Nikisali, nayasikia.

Sylvie ndiye mutoto wa pekee niliye naye. Baba yake alikufa. Nilikuwa nangojea wajukuu.

Walikutana kwa kibanda cha kushariji telefone, pembeni ya soko, ambako Sylvie anafanya kazi. Umeme ulikuwa umekatika, jenereta inalia, watu wanasukumana. Sylvie, na liputa yake ya njano, kitenge cha kujifunga, akachomoa waya moja ili amusaidie mama mmoja wa samaki. Kumbe ni waya ya ordinatere, kompyuta ya kijana mrefu wa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Kazi ya siku tatu ikakatika.

Kijana akasema polepole, "Dada, umeua nyota yangu."

"Ilikuwa mugonjwa tangu lini?"

"Ilikufa zamani. Ndiyo maana naichunguza."

Sylvie alicheka mpaka wateja wakanuna. Kesho yake kijana yule, Ruffin, akarudi, na tangu pale telefone haikupumzika. Sheri wangu, umekula? Sheri, mvua imekukuta wapi? Sylvie alikuwa anamuchokoza kwamba anapima mwanga wa mbinguni na nyumbani kwake hana hata tochi.

Wakapanga Jumamosi ya kugonga mulango, wazee wa Ruffin waje kusema nia yao. Alhamisi, Sylvie akiwa anaoga, nilichukua telefone. Kode ya kuifungua alinipa mwenyewe: tarehe baba yake alikufa, ili nisiisahau nikitaka kupiga. Nikaandika, "Usije. Nimepata mwengine." Nikafunga namba ya Ruffin isiingie tena, nikafuta mesaji.

Jumamosi Sylvie alipika sombe na samaki, akaazima viti, akavaa liputa mpya ya buluu. Hakuna aliyekuja. Alipiga mara moja, Ruffin hakushika. Hakupiga tena. Ana kiburi cha baba yake. Saa kumi alirudisha viti kwa majirani, viwili viwili, hakutaka nimusaidie. Nami nilikaa kimya.

Wiki mbili hakucheka. Nikaenda nyumbani kwa Ruffin, mtaa wa Katindo, nione ule ugonjwa wa rayon kwa macho yangu, ili moyo utulie. Alikuwa amekonda, mbele ya ordinatere. Akasema, "Karibu, Mama Sylvie." Nilibaki kwa mulango.

"Zima kwanza hiyo mashini. Rayon zitanipata."

Hakuizima. Aliigeuza nione: namba na mistari, basi.

"Mama, rayon hizi zinatoka kwa nyota iliyokufa. Nyota yenyewe ni ndogo, upana wake kutoka hapa mpaka mji wa Sake tu, kilomita ishirini na kitu, lakini sumaku yake, hapa duniani hakuna ya kufanana nayo. Rayon zake hewa inazizuia kule juu, hazitufikii. Satelite ndiyo inazipokea. Mimi napata hesabu yake tu."

Akachukua kamba ya kuanika nguo, akafunga upande mmoja kwa dirisha, upande mwengine akanipa. Akasema nitingishe juu na chini, kisha kushoto na kuume. Mwanga nao unatingishika hivyo. Zile rayon nyepesi zinatingishika upande huu, zile kali zinaukata kama msalaba, na nyota ni ile ile moja. Kwa mutingisiko huo wanajua sumaku yake ikoje, na hakuna aliyefika kule.

Nikaiachia kamba.

"Mesaji ile niliandika mimi," nikasema.

Akakunja kamba taratibu. "Mwambie Sylvie wewe mwenyewe, mama. Mimi sitamwambia."

Nilimwambia Sylvie akiwa anaosha sahani. Hakupiga kelele. Alikausha mikono, akachukua telefone, akatoka nje. Nilisikia upande wake tu.

"Ni mimi… Usiseme kwanza. Kwa nini hukuniuliza? … Eh, hata mimi sikukuuliza… Njoo. Na nyota yako iliyokufa, kuja nayo."

Wazee walikuja Jumamosi nyingine, mulango ukagongwa, ndoa iko mwezi wa nane. Lakini kode Sylvie amebadilisha. Nikitaka kumupigia dada yangu wa Butembo, anageuka kando, anafungua, ndiyo ananipa.

Mama wenzangu, muepuke haya:

Kuleta maneno ya robine nyumbani kabla ya kumuuliza mwenye kazi.

Kuogopa kitu ambacho hujakiona.

Kushika telefone ya mutoto akiwa anaoga.

Kuandika kwa jina la mutu mwengine, na kufuta.

Kunyamaza wakati mutoto anarudisha viti.