Mafua ya Fundi Friji

Siku ya kliniki ya watoto wenye kisukari, ukumbi wa hospitali ulifurika kama soko. Msusi alikaa na binti yake, aliyeitwa Chiriku kwa wingi wa maneno, mara akaona nyuma ya friji la dawa imechomoza ovaroli ya bluu. Kiraka cha kiwikoni alikishona yeye mwenyewe, kabla mpenzi wake, fundi friji, hajatoweka. Moyo ukamruka, kisha hasira ikauwahi.

"Kumbe uko hai!"

Fundi akajigonga kichwa. Akatoka na barakoa usoni, macho chini. "Mama Chiriku…"

"Jina hilo waachie wanaopokea simu zangu. Ungesema tu mtoto mgonjwa ni mzigo, nikajua moja."

"Mzigo? Mpenzi, mimi ndiye niliyemletea huo ugonjwa."

"Kivipi?"

"Nilikuja kwako napiga chafya kama injini mbovu. Mtoto akashikwa na mafua. Hazijapita siku nyingi, akawa anakunywa maji hatosheki, akakonda, mkalazwa. Nikasoma kwamba maambukizi yanaweza kuamsha kisukari cha watoto. Ningekutazama kwa uso gani?"

"Na mimi muda wote huu nazilaumu biskuti nilizomnunulia," msusi akasema.

Muuguzi aliyekuwa akisubiri friji lake akacheka kidogo. "Nyote wawili mmejihukumu bila shahidi. Biskuti hazileti kisukari hiki. Virusi, wataalamu wanavishuku: mwili ukipigana navyo, huenda ukakosea ukashambulia kongosho lake, kiungo kinachotengeneza insulini, kwa mtoto ambaye tayari ana mwelekeo huo. Na mara nyingi shambulio huanza zamani, kabla ya dalili. Mafua hupata darasa zima, fundi, na karibu wote hupona wakaendelea kucheza."

"Kwa hiyo si mimi?"

"Sijui. Wala wewe hujui."

Fundi akamgeukia msusi. Jibu la muuguzi halikumtosha. Alisubiri la msusi.

"Hata kama ni wewe," msusi akasema polepole, "mafua hayaombi ruhusa. Mimi kilichoniumiza ni kukukosa."

"Anko," Chiriku akadakia, "unaogopa sindano? Mimi nilikuwa naogopa, sasa naogopa kidogo tu."

Fundi akafuta macho kwa mkono wenye grisi, akajipaka weusi shavuni. Msusi akacheka, akamfuta kwa ncha ya khanga.

"Nikirudi kwako, sitaki kurudi kama mgeni," fundi akanong'ona. "Nataka tuoane."

"Maliza kazi kwanza. Dawa za watoto zinapata joto."

Akarudi nyuma ya friji. "Hujanijibu!" sauti ikatokea huko. Punde friji likanguruma, na mlangoni daktari akawaita mama na mtoto waingie.

Msusi akasimama, akamshika Chiriku mkono, kisha akainama kuelekea kwenye soli za viatu zilizochomoza nyuma ya friji.

"Nawa mikono, mume wangu, uje. Leo wanafundisha wazazi kuchoma insulini."