Wimbo wa Kituo cha Chai

Kila jioni, masomo yalipokwisha, Wambeti hakwenda nyumbani moja kwa moja kama wenzake. Alishuka njia ya udongo mwekundu hadi kituo cha chai, kibanda cha mabati ambapo wakulima wa eneo la Kanja, huko Embu, walileta majani yao kupimwa, akamtafuta mama yake. Kazi yake ilikuwa kubeba kikapu kitupu hadi nyumbani. Mama alikuwa na kikapu hicho mgongoni tangu alfajiri, na ikifika jioni hakutaka tena kitu chochote kimguse mgongo.

Mama yake aliitwa Wanjira. Alikuwa mwembamba, na vidole vyake vilikuwa vimeingia weusi wa utomvu wa chai ambao sabuni haikuweza kuutoa. Baada ya kuchuma, yeye na wenzake walilazimika kukaa kituoni kulisubiri lori la kiwanda. Lori lilichelewa karibu kila siku. Barabara ilipolowa, lilichelewa zaidi. Wanawake walikaa juu ya magunia, miguu wameinyoosha, wamechoka hata kusengenya.

Hapo ndipo wimbo ulipoanza. Hakuna aliyesema, "Haya, tuimbe." Mama yake Wambeti alianza kwa sauti ya chini, kwa Kiembu, kana kwamba anajisemesha mwenyewe:

Mgongo wangu, ngoja kidogo,
jua bado halijakupa ruhusa.
Vidole vyangu, msilalamike,
majani bado yanawaita.

Na wenzake, bila kuinua vichwa, wakamwitikia:

Tuketi, jamani, tuketi kidogo;
chai ya watu ipo njiani,
yetu bado haijachemka.

Wambeti aliusikia wimbo huo mara nyingi hata akawa hausikii tena. Ulikuwa kama mvua juu ya mabati. Upo tu.

Muhula wa pili ulipoanza, Mwalimu Munene, aliyefundisha muziki, aliingia darasa la gredi ya sita na uso wa mtu ambaye hakulala vya kutosha. Tamasha la muziki lilikuwa limekaribia na shule haikuwa na wimbo mpya wa Kiswahili.

"Nataka kitu chenu wenyewe," alisema. "Msiniletee wimbo wa redio. Nani ana kitu?"

Wanafunzi waliinamisha vichwa. Wambeti hakuwa amepanga lolote. Alijikuta amesimama, akaanza kuimba ule wimbo wa kituoni, akiyageuza maneno kwa Kiswahili kadiri alivyoimba. Usiku uliotangulia alikuwa amejaribu kuyageuza kwa kujifurahisha tu, akiosha vyombo. Alipomaliza kiitikio, wanafunzi walikuwa wameinua vichwa. Mwalimu Munene alikuwa ameegemea dirisha, chaki imesahaulika mkononi.

"Wambeti, nani ametunga wimbo huu?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi, lakini lile lingine lilikuwa fupi zaidi.

"Mimi, Mwalimu."

Kuanzia siku hiyo mambo yalikwenda haraka. Kwaya ilifundishwa wimbo. Linda, msichana mwenye sauti nzito nzuri, akapewa kuongoza. Walimu walimsimamisha Wambeti uwanjani na kumpa mkono. Hata mwalimu mkuu, ambaye kwa kawaida hakujua majina ya wanafunzi, alimwita "mtunzi wetu". Wambeti alitembea akiwa amenyoosha shingo. Jioni alipofika kituoni na kuwakuta wanawake wakiimba, alijifanya anahesabu vikapu.

Kwaya ilipita tamasha la kwanza. Lakini mmoja wa waamuzi alimwambia Mwalimu Munene kwamba wimbo ulikuwa mfupi. Ungehitaji ubeti mmoja zaidi kabla ya kwenda ngazi ya kaunti.

"Hiyo si shida," mwalimu alisema, akimgeukia Wambeti. "Mwenyewe yupo. Utaniletea lini?"

"Karibuni, Mwalimu."

Wambeti alijaribu. Alikaa chini ya mgomba nyuma ya jikoni akaandika kuhusu ndege na maua na furaha ya kuchuma chai. Aliposoma alichoandika, aliona aibu. Maneno yalikuwa mazuri, lakini hayakutoka kwa mtu yeyote.

Basi akamwendea mama yake aliyekuwa akimenya viazi huku macho yanamfumba.

"Mama, ule wimbo wa kituoni hauna ubeti mwingine?"

"Wimbo upi?"

"Ule wa mgongo."

Mama alicheka kidogo bila nguvu. "Huo? Huwa unakuja wenyewe. Unautakia nini?"

"Nilitaka tu kusikia."

"Leo hauji, mwanangu. Leo hata jina langu nimelisahau." Akaendelea kumenya viazi.

Kabla ya safari ya kwenda kaunti, shule iliwaalika wazazi ili wasikilize kwaya. Wambeti hakumwambia mama yake. Lakini Caroline, jirani yao aliyechuma chai pamoja na mama na ambaye watoto walimwita Mama Mukiri, alikuwa na mtoto katika kwaya hiyo hiyo, naye akamvuta Wanjira waende pamoja. Walifika wakiwa bado wamejifunga viunoni karatasi za nailoni za kuzuia umande wa chai, wakakaa benchi la nyuma.

Mwalimu Munene alisimama mbele. "Wimbo mtakaousikia," alisema kwa fahari, "umetungwa na mwanafunzi wa shule hii, Wambeti."

Wazazi walipiga makofi. Linda akaanza: "Mgongo wangu, ngoja kidogo..."

Wambeti, aliyekuwa mstari wa pili, aliona kichwa cha Mama Mukiri kikigeuka haraka. Aliona midomo yake ikisema kitu katika sikio la mama. Mama alikuwa ametulia kabisa, mikono yake myeusi imelala juu ya magoti, akiusikiliza wimbo wake kama mtu anayesikia habari za mgeni. Kwaya ilipofika kwenye kiitikio, Wambeti alifungua mdomo lakini sauti haikutoka.

Walirudi nyumbani, mama ametangulia. Mama aliwasha moto, akapika, akapakua. Wambeti alingoja kugombezwa. Angependa kugombezwa.

"Mmeuimba vizuri," mama alisema mwishowe. Kisha akaenda kulala mapema, na hakutaka hata maji ya moto ya kukanda miguu.

Asubuhi Wambeti alimkuta mlangoni akijifunga nailoni, ukungu umetanda juu ya mashamba.

"Mama. Nilimwambia Mwalimu kwamba wimbo ule ni wangu."

"Nilisikia. Si walitangaza?"

"Nisamehe, Mama."

Mama alikaa juu ya kizingiti. Ilionekana kwamba hata kukaa kulimuuma. "Mstari wa kwanza wa wimbo ule," alisema, "aliutoa nyanya yako, huyo uliyepewa jina lake. Alikuwa akichimba matuta huku amenibeba mgongoni. Mimi nikaongeza mengine. Hayo ya chai yetu kutochemka aliyaleta Mama Mukiri, siku ambayo alikuwa amefiwa na hakuna aliyempikia. Uliposema 'mimi', hukunifuta mimi peke yangu. Ulitufuta sote."

Wambeti alikuwa analia. "Sikudhani ni kitu cha mtu, Mama. Nilidhani ni maneno tu ya kituoni."

Mama aliutazama ukungu.

"Hata mimi nilidhani hivyo," alisema. "Mpaka jana nilipousikia." Akainuka, akavaa kikapu. "Ungeniomba, ningekupa. Sasa nenda umwambie mwalimu wako. Leo, kabla ya mazoezi. Mimi sitaenda kukusemea, majani yananingoja."

Mwalimu Munene alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akavua miwani na kujipangusa macho kwa muda mrefu.

"Nilikuuliza swali moja tu, Wambeti."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na lilikuwa rahisi." Alipumua. "Haya. Utawaambia wenzako kwa mdomo wako mwenyewe. Wamefanya mazoezi wakikuamini."

Kusema mbele ya kwaya kulikuwa kugumu kuliko kumwambia mwalimu. Baadhi yao walicheka. Linda hakucheka. "Kwa hiyo siku hizi zote tumekuwa tukiimba uongo?"

"Wimbo si uongo, Linda," Mwalimu Munene alisema. "Uongo ulikuwa jina la mtunzi. Hilo tutalirekebisha. Lakini wenye wimbo wakitukataza kuuimba, hatuendi. Nataka kila mtu alielewe hilo."

Jioni hiyo aliandamana na Wambeti hadi kituoni. Mvua ilikuwa inanyesha na lori halikuwa limefika. Wanawake walishtuka kumwona mwalimu akikunja suruali kuepuka matope. Alikaa nao juu ya gunia, akaeleza kila kitu, kisha akaomba ruhusa.

Mama Mukiri alimtazama kwa mshangao. "Mwalimu, tangu lini maneno ya watu waliochoka yakaombewa ruhusa?"

"Tangu leo, Mama."

Wanawake walitazamana. Mmoja akasema potelea mbali, waimbe. Mwingine akasema hapana, mambo ya kituoni yabaki kituoni. Wote wakamgeukia Wanjira.

"Mimi nilikuwa nauimba ili nisilie," Wanjira alisema taratibu. "Sikuwahi kufikiri kwamba watu wangeketi wausikilize. Mwalimu, wauimbe. Ila mtaje majina yetu. Na la mama yangu mzazi, hata kama amekufa."

"Nitayataja."

"Na kama bado kuna ubeti unaotakiwa, huyu aache kunivizia nikimenya viazi." Wanawake wakacheka, na Wambeti akainamisha kichwa. "Keti hapa, usikilize."

Wambeti akaketi. Ilichukua muda. Mama aliimba mstari, akauacha. Mama Mukiri akajaribu mwingine, wakaukataa wote. Mvua iliendelea kupiga mabati. Kisha mama alifumba macho na mistari mitatu ikaja kwa pamoja, kwa Kiembu, na wanawake wakasema, "Huo hapo." Wambeti alihangaika kuigeuza kwa Kiswahili. Neno moja alilibadilisha tena na tena hadi mama yake alipotikisa kichwa kukubali:

Mama alilima akiwa ameinama,
mimi nachuma nikiwa nimesimama;
mwanangu, wewe imba ukiwa umeketi.

Siku ya tamasha la kaunti, mjini Embu, wanawake wawili wa kituo walifunga safari kwa niaba ya wenzao, Wanjira na Mama Mukiri. Walichuma kwanza alfajiri, wakaacha majani kwa jirani, ndipo wakaoga na kuvaa nguo za kanisani.

Ilipofika zamu yao, Mwalimu Munene alitangaza kwa sauti iliyofika nyuma ya ukumbi: "Wimbo huu umetungwa na Wanjira, na Caroline, na wanawake wenzao wa kituo cha chai huko Kanja. Mstari wa kwanza ni wa marehemu mama yake Wanjira, aliyeitwa Wambeti. Kwa Kiswahili umegeuzwa na mjukuu wake, Wambeti."

"Ni mimi huyo amenitaja?" Mama Mukiri aliuliza kwa sauti, na watu waliokaa karibu naye wakacheka.

Safari hii sauti ya Wambeti ilitoka. Waliimba beti zote, na walipofika kwenye mistari mitatu ya mwisho ukumbi ulinyamaza hata mtu angesikia viatu vya waamuzi vikisogea chini ya meza.

Matokeo yalichelewa. Shule zilikuwa nyingi na viti vilikuwa vigumu. Mwishowe walitangazwa wa tatu, na ni wawili wa kwanza tu waliokuwa wakienda mbele. Linda aliuma mdomo. Baadhi ya watoto walianza kulia. Lakini mwamuzi mmoja, mama mwenye mvi, aliomba mtunzi wa wimbo wa kituo cha chai asimame ili watu wamwone.

Hakuna aliyesimama. Wambeti aligeuka. Mama yake alikuwa amelala fofofo begani kwa Mama Mukiri, mdomo umefunguka kidogo.

Wambeti akainuka. "Mtunzi ni mama yangu," alisema. "Ni huyu hapa. Amelala kwa kuchoka."

Makofi yalianza polepole, kisha yakajaa ukumbi. Mama alizinduka, akarekebisha kitambaa cha kichwa, akasimama kabla hajajua sababu ya kusimama. Alipojua, hakukaa tena upesi. Alisimama hadi makofi yakaisha.

Nje, chini ya ukuta wenye kivuli, Mwalimu Munene aliikusanya kwaya. Alikuwa amechoka na sauti imemkauka.

"Mnasikitika, na mna haki," alisema. "Lakini nataka mwende nyumbani na jambo moja. Tunaimba nyimbo nyingi za mama zetu na nyanya zetu, na tukiulizwa nani alizitunga tunasema hatujui. Si kwamba hazina wenyewe. Ni kwamba hakuna aliyeuliza. Anayechukua kazi ya mwingine na kuiita yake hasemi uongo kwa mwalimu tu. Anamfanya mtu aliye hai aonekane kama hakuwahi kuwako. Wambeti alikosea, akasema, akarekebisha. Nanyi mkifika nyumbani leo, ulizeni. Nyimbo, vikapu, mapishi, namna ya kusuka nywele. Ulizeni nani alianza, mlijue jina."

Kisha akawatuma wakanywe chai, na akasema Wanjira na Mama Mukiri wapewe ya kwanza, wakiwa wameketi.