Petroli ya Miwa na Gari Kuukuu la Tukaram

Mvua za Kolhapur, huko India, zikianza hazijui adabu. Tukaram Chougule alikaa barazani na chai yake, macho kwenye gari lake kuukuu chini ya banda la mabati. Ndani, binti yake Pallavi alitembea taratibu, mkono kiunoni. Alikuwa amerudi kwa wazazi kuzaa mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi. Uchungu ungeweza kumshika siku yoyote.

"Baba Pallavi," mkewe Akkatai aliita, "gari umeliwasha leo?"

"Sijaligusa tangu mvua zianze. Natunza petroli."

"Unaitunza ya nini? Utainywa?"

Tukaram hakucheka. Alikuwa na hofu, na hofu hiyo aliitoa kwenye mizani ya kupimia miwa ya kiwanda cha sukari. Huko wakulima wenzake walimwambia kwamba petroli ya siku hizi inachanganywa na ethanoli, yaani spiriti ya miwa. Eti inatafuna mipira ya kupitishia mafuta ya magari ya zamani, na gari linaweza kuwaka moto njiani. Basi akaapa kutokanyaga kituo cha mafuta. Mafuta kidogo yaliyobaki tangini aliyawekea safari moja tu, ya Pallavi kwenda hospitali ya upande wao wa mto. Gari la wagonjwa lilikuwa likitoka mjini, ng'ambo, na mto ukijaa lilikuwa halivuki.

"Liwashe tuone," Akkatai alisema. "Roho yangu haijatulia."

Tukaram akazungusha ufunguo. Gari likakohoa, likatetemeka, likazima. Akajaribu tena. Kimya. Alipofungua boneti, harufu ya petroli ikampiga puani. Jasho likamtoka ingawa kulikuwa na baridi. Mungu wangu, mwanangu nitampeleka na nini?

Alimpigia simu fundi Yunus, kisha akawasha sigara kutuliza hofu. Yunus alifika kwa pikipiki, ameloa chapachapa.

"Kaka Tukaram, zima hiyo sigara kwanza! Unataka tuungue wote?"

Tukaram aliizima haraka. Yunus akatoa mafuta kidogo tangini, akayatia kwenye chupa ya kioo. Yakatulia. Juu palikuwa na petroli, na chini palikuwa na majimaji mengine, yamejitenga.

"Unaona? Ethanoli inapenda maji. Mpira wa kifuniko cha tangi umekauka, mvua imepenya. Ethanoli imeyanywa maji, yalipozidi ikazama nayo. Injini inavuta ya chini. Itawakaje?"

"Lakini mimi sikutia petroli ya miwa! Hii ni ya zamani!"

Yunus alicheka mpaka akashika boneti. "Ya zamani wapi? Vituo vyote vya hapa vinauza hiyohiyo. Umeitumia muda wote bila kujua. Mkulima wa miwa mzima unaikimbia miwa yako!"

"Kwa hiyo wale wenzangu waliongopa?"

"Hapana. Hapo usipuuze." Yunus aliacha kucheka. Alikunja mpira mmoja unaopeleka petroli kwenye injini. Ulikuwa na nyufa, na tone likaning'inia. "Petroli hii haiwashi gari moto yenyewe. Lakini mipira ya magari ya zamani haikutengenezwa kwa ajili yake. Inalainika au inapasuka. Petroli ikidondokea injini ya moto, hapo ndipo pa kuogopa."

Akkatai alishika kifua. "Tuliuze basi hili gari?"

"La hasha, shemeji. Tubadilishe mipira na sili za kuzuia uvujaji, tuweke zinazostahimili ethanoli. Tusafishe tangi, tubadilishe chujio na kifuniko. Kila lita itakwenda umbali mfupi kidogo kuliko zamani, hilo mlizoee. Na msiache mafuta yakae miezi bila kutumika. Mkisikia harufu ya petroli, msiwashe, niiteni."

Kazi ilimalizika kesho yake. Tukaram alijaza petroli mpya pale kituoni. Tangu hapo alilitumia gari kila siku ya soko, na kila asubuhi aliinama chini kuangalia kama kuna tone. Hakukuwa na tone. Hata hivyo moyo haukutulia.

Uchungu ulimshika Pallavi alfajiri, mto umejaa. Tukaram alizungusha ufunguo. Gari likawaka mara moja. Walipita njia ya mlimani isiyovuka mto, ndefu na yenye matope. Tukaram alikuwa akinusanusa kila kona.

"Baba, unanusa nini?" Pallavi alilia. "Endesha!"

"Naendesha, mwanangu, naendesha!"

Hospitalini walimpokea Pallavi kwa kitanda cha magurudumu. Akkatai aliingia naye. Tukaram hakuweza kukaa. Alirudi nje, akafungua boneti, akapapasa mpira mmoja mmoja. Yote ilikuwa mikavu. Akapapasa tena.

"Wewe mzee!" Muuguzi alisimama mlangoni. "Nimekutafuta jengo zima. Mjukuu wako kashazaliwa, wewe unapapasa injini?"

Tukaram alipanda ngazi mbio. Pallavi alikuwa amechoka, anatabasamu. Akkatai alikuwa amemshika mtoto wa kike, mwekundu, anapiga kelele. Tukaram akanyoosha mikono.

Akkatai akarudi nyuma. "Usithubutu! Unanuka grisi kama gereji. Kanawe!"

Tukaram alinawa, akanusa viganja, akanawa tena. Ndipo akapewa mjukuu wake, na machozi yakamshuka mbele ya watu wote.