Anti Hajakuja

Wilkista alikuwa mama wa kazi. Kabla jua halijapanda pale Kiminini, ng'ombe alikuwa amekamwa, chai imechemka, na kila mtu nyumbani amegombezwa. Mumewe, Wekoye, aligombezwa kwa sababu ya matope ya gamubuti. Emmy, kitinda mimba wa miaka kumi na mmoja, aligombezwa kwa kuchelewa. Nasike tu ndiye aliyepona. Nasike alikuwa na miaka kumi na sita, yuko kidato cha pili, na hakuwa mtoto wa shida.

Asubuhi moja Wilkista alikaanga vitunguu. Nasike alishika mdomo, akatoka mbio. Akatapika nyuma ya zizi.

"Ni nini tena?" mama aliuliza.

"Ni hiyo harufu, mama. Siiwezi."

"Harufu ya vitunguu? Si ni hivi hivi unakula kila siku?"

Kuanzia hapo mambo yaliongezeka. Nasike alirudi kutoka shuleni akiwa hoi, akalala kabla ugali haujaiva. Alikwenda kukojoa mara kwa mara. Kitu kidogo kikisemwa, machozi. Kisha Wilkista alipofua sweta ya shule, alikuta vipande vya mawe mfukoni, yale mawe laini ya kutafuna yanayouzwa sokoni.

"Ati unakula udongo!" alisema. "Basi nimejua. Ni minyoo."

Wilkista alikuwa daktari wa nyumba yake, daktari asiyepima mtu. Mwili ukiwa moto, malaria. Tumbo likisumbua, minyoo. Tayari alikuwa amenunua vidonge vya malaria dukani, Nasike akameza vyote, na hakupata nafuu. Sasa zamu ilikuwa ya dawa ya minyoo.

Jioni hiyo wawili hao walikuwa jikoni wakichambua mboga. Wilkista alimwangalia binti yake, akamhurumia.

"Nasike, mtoto wangu, una nini? Niambie."

Nasike aliinamia mboga. Alichambua majani mawili matatu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, anti hajakuja."

"Anti? Anti Nabwile?"

Nasike aliinama zaidi.

"Kumbe! Ni kweli, hajakuja siku nyingi. Mbona hukusema? Nitampigia simu sasa hivi."

Nasike aliweka mboga chini. Akaanza kulia. Wilkista alifikiri ni furaha.

Nabwile alikuwa dada yake Wekoye, anakaa Kamukuywa. Kwa desturi ya Babukusu, kabila lao, mambo ya mwili wa msichana yalikuwa kazi ya shangazi. Mama hakuyagusa. Wilkista mwenyewe alifundishwa na shangazi yake, basi akamwachia Nabwile amfundishe Nasike. Nabwile naye akasema moyoni, watoto wa leo wanafundishwa na walimu. Na walimu wakafikiri msichana ameshaambiwa nyumbani. Hivyo kila mtu alimwachia mwenzake, na Nasike hakuambiwa na mtu.

Jumamosi Nabwile akafika, na mkungu wa ndizi na kuku mmoja.

"Nasike wangu! Si nimekuja? Eh, mbona umekonda hivi? Hukuri?" Nabwile akiwa na haraka, hakuwa na wakati wa kutafuta l na r.

Kuku alichinjwa. Supu ilipoanza kunukia, Nasike akakimbilia nyuma ya zizi.

"Leo naimaliza hii minyoo," alisema Wilkista. Alimimina maji kwenye kikombe, akatoa kidonge, akamwita Nasike. "Meza!"

"Hodi hapa!" sauti iliita mlangoni.

Alikuwa jirani yao, Nyaruai, mama yake Gathii. Yeye ni mhudumu wa afya ya jamii, na siku hiyo alikuwa amekuja kumpima Wekoye presha, na mkoba wake begani.

"Karibu, Mama Gathii. Ngoja tu huyu ameze dawa ya minyoo."

"Amepimwa na nani?"

"Kupimwa kwa nini? Mtu anakula mawe!"

"Hebu weka hiyo dawa chini kwanza," alisema Nyaruai. "Ana nini kingine?"

Wilkista akaeleza yote: kutapika, usingizi, choo, machozi. "Na juu ya hayo, anamlilia shangazi yake. Ati anti hajakuja. Sasa si huyu hapa amekuja, na bado anatapika?"

Nyaruai aliweka mkoba chini. "Alisema hivyo? Anti hajakuja?"

"Kwa mdomo wake."

"Mama Nasike, hawa wasichana wa shule, hedhi ndiyo wanaiita anti. Mtoto alikuwa anakuambia hajapata hedhi."

Nabwile alipiga makofi, kisha akajishika kifua. "Woi! Kumbe si mimi!"

Hakuna aliyecheka. Wilkista alimgeukia binti yake.

"Ni kweli?"

"Nilikuambia, mama," alisema Nasike. "Nilijua umeelewa. Nilifikiri unamwita Anti Nabwile aje anifukuze."

Hasira ilimpanda Wilkista, pamoja na aibu na woga. Aliona watu wa kanisa wakinong'ona. Aliona karo yote aliyolipa imekwenda na maji. "Toka" lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

Nyaruai alimsoma uso. "Ukimfukuza, Mama Nasike, ataenda kwa nani? Ataenda kwa mtu atakayempa kitu akinywe kwa siri, na wasichana wamekufa hivyo. Mshike mkono kwanza. Utagomba baadaye, ugomvi haukimbii."

Wilkista akakaa. Alimvuta Nasike karibu naye, na wote wawili wakalia.

Walipotulia, Nyaruai akaanza kueleza, bila kunong'ona.

"Dalili ya kwanza ni hiyo, hedhi kukosa. Lakini wasichana wadogo hedhi yao inaweza kuruka yenyewe, kwa hivyo tunaangalia na mengine. Kichefuchefu, na si asubuhi tu. Wengine wanatapika jioni, wengine hawatapiki kabisa. Kuchukia harufu. Uchovu. Kukojoa kila mara. Nasike, matiti yanauma?"

Nasike aliitikia kwa kichwa.

"Basi na hilo. Kulia ovyo. Hamu ya mawe na udongo, ambayo pia inaonyesha damu inaweza kuwa imepungua."

"Lakini malaria pia inatapisha," alisema Wilkista. Bado alikuwa na tumaini.

"Inatapisha. Na mtu anaweza kuwa na malaria na mimba pamoja. Ndiyo maana hatubahatishi, tunapima. Dawa nyingine, hata hiyo ya minyoo, hazimezwi mimba ikiwa changa. Msichana yeyote aliyeanza hedhi, kabla ya kumnunulia dawa, uliza: mara ya mwisho ulipata lini?"

"Mimi nimuulize? Mama yake?" Wilkista alimtazama Nabwile.

"Usiniangarie," alisema Nabwile. "Mimi niko Kamukuywa. Wewe ndiye unaona nguo zake kwa kamba."

Jumatatu Wilkista alimpeleka Nasike hospitali Kitale. Kipimo cha mkojo kilionyesha mimba. Cha malaria hakikuonyesha kitu. Muuguzi hakumfokea. Alimpima damu, presha na virusi vya UKIMWI, akampa vidonge vya kuongeza damu, akamwambia aache mawe. "Mmekuja mapema," alisema. "Mama akiwa na umri mdogo, presha na upungufu wa damu vinamwinda sana. Tukimwona mapema, tunaviwahi. Asikose kliniki hata moja."

Nyumbani Nasike alisema jina la aliyempa mimba. Alikuwa fundi wa mabati, mtu mzima, aliyeezeka nyumba za pale jirani. Watu wake walituma ujumbe kwamba wazee wakae, mambo yaishe kwa ng'ombe wawili. Wekoye alikuwa ameshaanza kuangalia atawafunga wapi.

"Binti yetu hajafika miaka kumi na minane," Wilkista alimwambia. "Hiyo si harusi, Baba Nasike. Hiyo ni kesi."

Wekoye aliinuka. Kisha akavaa gamubuti zake, matope na yote, akaenda polisi. Siku hiyo Wilkista hakumgombeza.

Nasike aliendelea na masomo mpaka tumbo likawa zito. Mwalimu mkuu aliwahakikishia kwamba akishajifungua atarudi, na nafasi yake haitapotea. Alijifungulia hospitali, mtoto wa kiume, mzima, mwenye kelele. Wakamwita Jotham. Miezi ilipopita, Nasike akavaa sweta yake tena. Asubuhi alinyonyesha, kisha akakamua maziwa na kumwachia mama yake. Si kwamba ilikuwa rahisi. Siku nyingine alisoma huku anasinzia. Lakini alikuwa darasani.

Mwaka uliofuata, jioni moja, Wilkista alikuwa anakaanga vitunguu. Jotham alikuwa mgongoni mwake. Emmy aliingia jikoni, akasimama akisugua mguu mmoja juu ya mwingine.

"Mama," alisema, "anti amekuja."

Wilkista hakuangalia langoni. Alitoa sufuria motoni.

"Anti yupi? Wa Kamukuywa, ama ule mwingine?"

"Ule mwingine," Emmy alisema, akificha uso.

"Hapa kwangu ana jina. Litaje."

"Hedhi, mama."

"Haya. Imekuja wakati wake, na hakuna aibu." Wilkista alinawa mikono. Sodo alikuwa amezinunua zamani, zinangoja kabatini. "Njoo nikuonyeshe. Na ikikosa kuja, mtu wa kwanza kujua ni nani?"

"Anti Nabwile?"

"Ni mimi, bana!" alisema Wilkista, na Nasike akaangua kicheko kule mezani kwenye vitabu vyake.