Gololi Yenye Kitovu

Yussuph alikutwa amepiga magoti juu ya kaburi la watu, makalio juu kama bata anayetafuta mdudu majini, jicho moja kalifumba na kwenye lile jingine kabandika lenzi ya fundi saa. Shamba la migomba si lake. Kaburi si la ndugu yake. Na mwenye vyote viwili alikuwa amesimama nyuma yake, mkungu wa ndizi kichwani.

"Tata, umepoteza gololi zako?" Mama Amoni akauliza.

Yussuph, baharia mstaafu aliyewahi kuwadanganya maofisa forodha wa mabara matatu, safari hii uongo ulimkimbia. Akasema anaswali.

"Siku hizi mnaswali mkielekea Kyela?"

Hapo akacheka mwenyewe, akapangusa magoti, akaomba radhi na kueleza ukweli, kwamba alikuwa akiichunguza gololi iliyobandikwa kwenye saruji ya kaburi, maana uongo wa pili ungekuwa wa kijinga zaidi ya ule wa kwanza.

Huyu Yussuph ni jirani yetu Tukuyu mjini, mwenye duka la vikorokoro. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila kitu kinaingia nchini: kandambili, redio kaseti, betri zinazokufa kabla ya kuwashwa, na gololi za Uchina kwa magunia. Hizo gololi ndizo zilizomfufulia ugonjwa wa zamani. Enzi za meli, mzee mmoja muuza vitu vya kale kule Hamburg alimfundisha kuzisoma, akaweza kukwambia gololi ina umri gani na imetoka kwenye mkono wa nani. Sasa kulikuwa na Mzungu huko Mbeya, mkusanyaji, aliyemwambia kwamba Rungwe nzima huwezi kupata gololi ya kale hata moja. Yussuph alibisha mbele ya watu. Mtu akishabisha mbele ya watu, hata kaburini ataingia.

"Ya mashine ni duara tupu," alimweleza Mama Amoni. "Haina mwanzo wala mwisho. Lakini ya mkono ilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye fimbo ya kioo cha moto. Pale ilipokatwa panabaki kovu. Mimi huliita kitovu."

Mama Amoni akatua mkungu chini.

"Hiyo inacho," alisema. "Babu yake Amoni aliipata kwa Wajerumani wa misheni. Amoni wangu alikufa kitovu chake bado kibichi, hakijadondoka. Nikaibandika hapo kwenye saruji, usawa wa tumbo lake. Kitovu cha gololi kinatazama chini. Kinamtazama yeye. Usiiguse, tata. Hicho ndicho alichonacho."

Yussuph akaapa. Akapewa na kichana cha ndizi ampelekee Samira, binti yake wa pekee, aliyekuwa mja mzito. Mimba zilizotangulia zote ziliharibika, na mzee yule, pamoja na mizaha yake yote, alikuwa amebakiwa na dua moja tu: hii ifike.

Jumapili, kengele ilipokwisha kulia na kijiji chote cha Mpuguso kikawa kimeketi kanisani, alirudi kaburini. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Alikuwa na tindo, konzi ya saruji kwenye mfuko wa nailoni, na gololi moja ya Uchina yenye rangi za kufanana. Anaazima tu, alijiambia. Mzungu akishaiona, inarudi.

Alitarajia kazi. Alipoigusa tu, gololi ikatoka. Kama jino la utoto.

Akaigeuza mwangani. Ngozi ya kioo ilikuwa imechakaa kwa mikwaruzo ya kuchezewa, ndani mna viputo vya hewa. Nyuzi nyekundu na nyeupe zilijisokota kutoka kwenye kitovu, zikakatika kabla ya kufika upande wa pili. Moyo ukamruka kwa furaha. Nyuzi zinazokatika njiani maana yake ni gololi ya mwisho kukatwa kwenye fimbo yake. Kitinda mimba. Ya Ujerumani, kule milimani kwa mafundi vioo, kabla ya vita ile ya kwanza. Jina la fundi hakuna ajuaye, lakini mkono ni ule ule aliofundishwa kuutambua kule Hamburg.

Kisha akagundua kwamba kitovu kina unyevu.

Akakipangusa. Kikalowa tena. Kilikuwa na uvuguvugu.

Ni ukungu, alijiambia. Akainama kuchungulia shimo. Lilikuwa la kuingia kidole gumba tu, lakini mwisho wake haukuonekana. Hewa ya moto ikampiga jichoni. Ikakoma. Ikampiga tena.

Aliishindilia gololi ya Uchina haraka, akapaka saruji kwa kidole. Alipokuwa akiibonyeza, kitu kiliibonyeza kutoka chini. Polepole. Kama mtoto anayelijaribu titi asilolijua.

Kikaacha.

Jumapili iliyofuata hakuirudisha. Alisingizia mvua. Mbeya pia hakwenda, na ubishi wake na Mzungu hakuukumbuka tena. Aliivingirisha gololi kwenye pamba, akaifungia kabatini. Kila alipofungua, pamba ilikuwa imelowa. Kila alipofungua, kitovu kilikuwa kimegeukia ukutani. Nyuma ya ukuta ule ni chumba cha Samira.

"Baba," Samira alimnong'oneza asubuhi moja, mikono tumboni. "Kuna kitu kinavuta."

"Mtoto anacheza, mama."

"Yeye ametulia. Kama anaogopa. Ni kama uzi, baba. Kinamvuta yeye."

Uchungu ulimshika mchana, mvua ikinyesha. Zahanati Yussuph alikaa kwenye benchi la nje, akimtania mlinzi kwa mizaha ambayo hata yeye haikumchekesha. Akasikia mtoto akilia. Akasema alhamdulillahi.

Muuguzi Hellen akatoka. Hakutabasamu. Alimshika mkono, akamvuta hadi pembeni.

"Ni wa kiume. Mama yake mzima." Sauti ikashuka. "Wewe umetembea dunia, mzee. Umewahi kuona mtoto asiye na kitovu?"

"Mmemkata vibaya?"

"Sikukata. Hakukuwa na cha kukata."

Akamwingiza ndani, akafunua khanga. Tumbo lilikuwa laini. Duara. Linang'aa kidogo. Hakuna kovu. Hakuna mwanzo. Yussuph akaligusa kwa ncha ya kidole, kidole kile kile kilichopaka saruji.

Lilikuwa baridi kama kioo.

"Anapoa," Hellen alinong'ona. "Nimemfunika, nimemweka kifuani kwa mama yake. Anazidi kupoa. Kilio nacho kinapungua."

Yussuph hakukumbuka jinsi alivyofika nyumbani kuichukua gololi, wala nani alimpa lifti hadi Mpuguso. Alikumbuka tope. Alikumbuka gololi ikimuunguza kiganja. Alipoingia shambani, Mama Amoni alikuwa ameketi ukingoni mwa kaburi, anamenya ndizi, kana kwamba mvua hainyeshi.

Hakusalimia. Alipiga magoti, akachomeka tindo kwenye saruji kuitoa ile ya Uchina. Haikutikisika. Akapiga kwa nguvu zake zote. Ncha ya tindo ikapinda.

Ndipo akaitazama vizuri.

Alikuwa ameinunua mwenyewe kwa gunia. Ya mashine, duara tupu. Sasa katikati yake palikuwa na kovu. Bichi, limekatwa karibuni, kingo zake nyekundu. Uzi mwembamba ulianzia pale ukashuka ndani ya kioo, ukapita kioo, ukazama chini kwenye saruji.

Kovu lilikuwa linapwita.

Akanyoosha kiganja chenye gololi ya kale.

"Mama. Nimekosa. Hiki hapa kitovu chake, kipokee. Mjukuu wangu anapoa."

Mama Amoni hakuacha kumenya.

"Wangu anacho," alisema. "Hicho mpe wako."