Mistari ya Bibi Kanyange

Kila Bibi Kanyange alipokwenda misa ya asubuhi, mjukuu wake Alida aliketi mlangoni pa nyumba yao huko Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, akafumua kikapu cha bibi yake. Bibi alikuwa msusi hodari tangu Burundi, lakini siku hizi mistari yake myeusi ilikuwa ikiyumba kama njia ya mbuzi. Alida alifumua palipopinda, akasuka upya, kisha akakirudisha kikapu mahali pake na kukimbilia shule.

Alifanya hivyo kwa mapenzi. Sidonie, kiongozi wa kikundi cha wasusi, alikuwa amekwisha kumtoa mzee mmoja kwa sababu ya vikapu vilivyopinda, na Bibi bila kusuka asingekuwa na raha ya kuishi. Lakini hila hiyo ilimfunga Alida mwenyewe. Kila kikapu kilichosifiwa kilimlazimu anyooshe kingine. Mwalimu alizoea kuwaambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, ila hakueleza la kufanya kama maradhi ni ya mtu mwingine.

Kisha gari la hospitali likawachukua wazee kadhaa hadi Mbarara, ambako madaktari walichunguza jinsi macho ya uzeeni yanavyoanza kuharibika. Alida alimsindikiza bibi yake. Bibi aliegemeza kidevu kwenye mashine, nayo ikapiga picha za retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Tabaka zake zilionekana moja juu ya nyingine, kama chapati zilizopangwa. Daktari Rugamba alieleza kwamba katikati ya utando, mahali panapotuwezesha kusoma na kutunga sindano, palikuwa na vidoa vidogo. Wazee wengi wanavyo. Akamziba Bibi jicho moja, akampa karatasi ya mistari.

“Mama, hii mistari imenyooka ama inapinda?”

“Imenyooka,” Bibi akajibu. “Kama macho yangu yangepindisha, vikapu vyangu navyo vingepinda. Uliza huyu mjukuu wangu.”

Daktari akasema basi arudi baada ya mwaka. Alida aliona chumba kinambana. Akisema, Bibi ataaibika na kutolewa kikundini. Akinyamaza, jicho litazidi kuharibika. Aliogopa yote mawili, na machozi yakamlengalenga.

“Vikapu vinapinda,” alisema. “Mimi ndiye ninayevinyoosha, tangu Pasaka.”

Bibi aliitazama tena karatasi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Daktari, mistari yako inapinda. Nilidhani karatasi ndiyo mbaya, kwa kuwa vikapu vyangu vinasifiwa.”

Akarudishwa kwenye mashine, na safari hii jicho la kulia likapigwa picha nyingi zaidi, karibu karibu. Chini ya utando maji yalikuwa yameanza kuvuja kidogo. Daktari alisema kwamba baada ya mwaka wangekuwa wamechelewa. Sasa sindano za jicho zingeweza kuuzuia ugonjwa usiendelee.

Sidonie alipopata habari, hakumtoa Bibi. Alimpa kazi ya kusuka vitako vya vikapu, ambavyo havina mistari, na Alida akaweka mistari mbele ya watu wote.

“Ulininyooshea vikapu hadi mimi mwenyewe nikadanganyika,” Bibi alimwambia siku hiyo, akimpa uzi mweusi. “Anayekupenda hakufichi ugonjwa wako, mjukuu wangu. Ukiona nimepinda tena, niambie nikiwa bado naona.”